Buibui Moja Nyeusi

Nyumba aliyopanga Elisabeth pale Louisville, Marekani, ilikuwa na kodi nafuu kwa sababu ya buibui, na yeye hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu. Siku alipokwenda kuiona, mwenye nyumba alimpitisha chumba cha chini mbiombio, akidhani mama wa kitenge hatatazama pembeni. Elisabeth akatazama. Akachuchumaa, akamchunguza mdudu wa kahawia mwenye miguu mirefu na alama kama ya fidla mgongoni, kisha akainuka na kumwambia yule mzee kwa Kiingereza chake cha ghalani alikofanya kazi: hawa wapangaji wako wa chini hawalipi kodi, basi usinidai mimi sehemu yao. Mzee akacheka. Na mtu unayepatana naye bei akishacheka, umeshammaliza.

Tangu hapo aliishi nao kama anavyoishi mtu na jirani mwenye kisu: salamu hakuna, ugomvi hakuna. Vitanda vilikaa mbali na ukuta. Viatu havikuvaliwa kabla ya kukung'utwa. Nyuma ya makabati alitandaza karatasi za gundi, na kila Jumamosi alizikagua kama mvuvi anayekagua nyavu. Wale wengine, wembamba wenye miguu kama nyuzi wanaoning'inia kwenye pembe za dari, aliwaacha. Alikuwa amemwona mmoja wao kwa macho yake akimviringisha yule wa kahawia kama kifurushi. Mlinzi asiyedai mshahara hafukuzwi. Kanisani wanawake walikuwa na hadithi zao, za mtu aliyeumwa na mdudu yule hata nyama ya paja ikaoza, lakini kila aliyesimulia alikuwa amesikia kwa mwingine, na Elisabeth hakuwa mtu wa kununua mali asiyoishika.

Nyumbani kwake mdudu huyo alikuwa na majina mawili tu: la Kirundi, alilolitumia yeye, na la Kiingereza, ambalo watoto walilipigia kelele wakiwa juu ya viti. Jina la Kiswahili halikuwahi kuhitajika humo ndani. Hili mtu alikumbuke.

Mumewe, Liberati, alikuwa shemasi, mwenye sauti nzuri na moyo mpana, na alikuwa na kasoro moja ambayo Elisabeth aliihesabu kuwa ugonjwa: akitajiwa bei, aliona aibu kuikataa. Ndivyo alivyonunua gari. Lilikuwa limelala nyuma ya nyumba ya mtu, chini ya mti, likapigwa na theluji, na jua, na theluji tena.

"Gari lililolala namna hii lina wenyewe ndani," Elisabeth alimwambia.

"Wenyewe gani? Injini yake inanguruma kama simba."

"Simba aliyefungiwa akikosa chakula pia hunguruma. Usinunue, baba Mizero."

Alinunua. Na mwezi wa nne akaondoka nalo kwenda Buffalo, maana Pantaleo, waliyekua naye katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, alikuwa amewaambia kwamba kule mtaa wa Black Rock, kando ya mto, nyumba za mbao za zamani bado mtu wa kiwanda anaweza kuzinunua. Liberati akanunua moja, akapata na kazi hapo jirani, Riverside. Makubaliano yalikuwa hivi: yeye atangulie, arekebishe paa na mabomba, na shule zikifungwa Elisabeth na watoto wafuate. Siku aliyofika alipiga simu akasema kwa furaha, "Nimefika. Gari limeniheshimu njia nzima."

Sasa mwenye nyumba wa Louisville alitaka jibu. Kama wanaondoka, waseme. Kama wanabaki, watie saini ya mwaka mwingine. Kulikuwa na familia nyingine inayoitaka ile nyumba. Mwisho Ijumaa. Jibu lilikuwa limeshaiva mdomoni mwa Elisabeth: tunaondoka. Alikuwa anangoja siku ifike tu, maana jibu linalotolewa mapema hupungua thamani.

Wiki hiyohiyo, wakati wa chakula cha mchana ghalani, simu ililia. Namba ngeni.

"Allô, mama? Ni mama wa kwa Liberati?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Ni Balagizi, fundi ya magari, huku Columbus. Mama, unisamehe, bwana yako simu yake haipatikane. Nilitaka tu ajue gari yake iko tayari."

"Gari gani?"

"Gari yake, mama! Aliiacha hapa kwangu ile siku alipita, yeye akapanda bus akaenda. Sasa ni wiki mingi."

Elisabeth alisogea kando, mbali na kelele za mkanda wa vifurushi. Kwa Kiswahili cha huyu mtu alijua anaongea na Mkongo wa upande wa Bukavu. Alimsikia vizuri. Tatizo halikuwa kusikia.

"Gari liko kwako?"

"Iko kwangu. Bon, tatizo tuliipata. Mama, ile gari iko na buibui! Nimekuta moja nyeusi, kubwa, chini ya kiti ya nyuma."

"Buibui?"

"Buibui moja nyeusi. Na ile ingine ya nyuma kabisa iko na watoto."

"Ina watoto?"

"Watoto mingi, mama! Nikauliza bwana yako mu simu, nitoe? Akacheka, akasema acha, usiisumbue, yeye amezoea kukaa nayo, hata mu nyumba yake ya Buffalo anakaa nayo. Donc nimeiacha. Lakini wewe ni mama wa nyumba, mimi nakuambia ukweli: usikubali. Hiyo haikae pamoja na familia."

Msimamizi alikuwa anaita watu warudi kazini. Elisabeth alisema asante, kwa sababu alilelewa vizuri, akakata simu, akabaki ameishika.

Ni lazima ieleweke alivyosikia. Elisabeth alipokuwa msichana alikuwa akitoka kambini kwenda soko la Kasulu kumsaidia mama mmoja wa Ujiji aliyeuza nguo za kike. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mabuibui juu ya mikono yake ili wateja wayaone: yale meusi, marefu, ya kitambaa kinachoteleza, wavaayo wanawake wa Kiislamu. Kiswahili chake alikiokota pale, kati ya meza na meza, na kilikuwa Kiswahili cha kupimana: mtu ni mmoja, mdudu ni mmoja, nguo ni moja. Ukikosea mteja alikucheka, na mteja anayekucheka ananunua kwa jirani. Kwa hiyo fundi aliposema "buibui moja nyeusi", sikio la Elisabeth halikuhangaika. Mdudu angekuwa mmoja, mweusi. Hii ilikuwa moja, nyeusi, kama isemwavyo nguo yoyote. Ilikuwa nguo.

Na nguo haizai. Ikisemwa ina watoto, basi anayesemwa ni mwenye nguo.

Alifanya kazi mpaka zamu ikaisha na hakukosea kifurushi hata kimoja. Jioni, watoto wakiwa wanakula, alimpigia Liberati. Walizungumza Kirundi kama kawaida yao. Mwanamke mwingine angeuliza moja kwa moja. Lakini Elisabeth alikuwa ameishi kwa sheria ya soko: anayetaja bei kwanza ameshaumia. Alitaka Liberati ataje.

"Gari linaendeleaje?"

"Zuri tu. Nimetoka nalo kazini sasa hivi."

Elisabeth alishika ukingo wa sinki. "Halikusumbui?"

"Gari langu? Linakunywa mafuta kama ndama anavyonyonya!"

"Na nyumba? Hujisikii upweke?"

Akamsikia anacheka. "Upweke utoke wapi? Niko na wenyeji wangu niliowakuta humu. Tunasikilizana. Ukija utawazoea."

"Nitawazoea."

"Mbona sauti yako iko hivyo, mama Mizero?"

"Nina sahani mkononi," akasema.

Aliosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Hakujua afikiri nini, na hilo lilimchosha kuliko kazi. Akilipanga jambo upande huu, lilikataa: Liberati, shemasi, anayeona haya hata kumwambia muuzaji wa viatu kwamba kiatu kinambana, atapata wapi ujasiri wa mke wa pili? Akilipanga upande ule, lilikaa: gari liko Columbus, yeye anasema liko kazini. Mtu hadanganyi kuhusu gari kwa ajili ya gari.

Alimweleza mtu mmoja tu, Immaculée, rafiki yake wa kwaya, na Immaculée hakuwa mtu wa kuzima moto.

"Mwislamu?" Immaculée alishangaa. "Liberati huyu huyu wa kuongoza maombi?"

"Sijui, dada."

"Hebu nikuulize. Siku hizi kwenye video, amefuga ndevu?"

Elisabeth alifikiri. "Ana ndevu kidogo. Alisema kiwembe kimemwishia."

"Kiwembe! Ehee. Viwembe vimekwisha Buffalo nzima?"

"Usinichekeshe. Mimi wanawake wa buibui nawafahamu, nimekula ugali wao. Ni watu wa heshima zao. Huyo hawezi kuwa wa kupita njia. Kama yupo, ameolewa, na watoto ni wa ndoa. Hapo ndipo ninapoogopa."

"Basi muulize."

"Nikiuliza atasema hapana. Kila muuzaji anasema hapana."

Ijumaa ikafika. Mwenye nyumba alikuja na karatasi na kalamu, akasimama barazani, na mpaka kalamu inaguswa Elisabeth hakuwa na uhakika mkono wake utaandika nini. Akaona vitanda vya watoto vilivyokaa mbali na ukuta. Akaona nyumba ya Buffalo, ambayo hakuwahi kuiona ila kwa picha, ina mama mwingine mlangoni akimkaribisha. Hakuna biashara mbaya kama kuingia nyumba ambayo ufunguo wake anao mwingine. Alitia saini ya mwaka. Mzee akamshukuru, akamwambia kwamba akija kubadili nia, kuna gharama ya kuvunja mkataba, na si ndogo. Elisabeth akasema anajua kusoma.

Binti yake Mizero alimwuliza kwa Kiingereza kama hiyo inamaanisha hawaendi kwa baba. Akamjibu kwa Kirundi akavue viatu.

Jumamosi kwaya ilikuwa na mkutano wa makanisa Columbus, na Immaculée aliendesha. Watoto walibaki kwa jirani. Njia nzima wengine wa nyuma waliimba. Mbele hawa wawili walinong'ona.

"Unakwenda kumfanya nini huyo fundi?"

"Nataka kuishika hiyo nguo. Nikiishika nitajua ni ya bei gani, na nikijua bei yake nitajua mwenyewe ni mtu wa namna gani."

"Na ukishajua?"

Elisabeth hakuwa amefika huko.

Waliwashusha waimbaji kanisani, kisha wakaelekea Gahanna, pembeni mwa mji. Balagizi alikuwa na karakana ya milango miwili nyuma ya duka la matairi, ndege zikipita chini juu ya paa kiasi cha kuona magurudumu yao. Alikuwa mtu mfupi, kofia ya sufu kichwani ingawa ni joto, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alipojua ni nani aliyefika, alijifuta mkono kwenye suruali, akatoa kifundo cha mkono asalimiwe kwacho, maana vidole vilikuwa na grisi.

"Karibu, mama! Karibuni! Bwana yako hakuniambia unakuja."

"Hajui. Nionyeshe hilo buibui."

"Ile?" Balagizi alicheka. "Umetoka Louisville kuona buibui? Mama, huko kwenu hakuna?"

"Nionyeshe, baba."

Gari lilikuwa pale, la kijivu, safi kuliko alivyolikumbuka. Fundi alifungua mlango wa nyuma, akawasha tochi, akainamisha kiti. Elisabeth aliinama. Immaculée aliinama nyuma yake, mkono kifuani. Waliona utando mzito kama pamba iliyochambuliwa. Waliona vijiganda vya inzi. Waliona kitu cheusi chenye miguu kikirudi nyuma polepole kwenye giza la kona, kama mwenye nyumba aliyekerwa na wageni.

"Iko wapi?" akauliza Elisabeth.

"Si ile inakimbia?"

"Nauliza nguo."

"Nguo gani, mama?"

"Buibui! Ulisema buibui moja nyeusi!"

"Ndiyo hii, moja, nyeusi!" Fundi alimulika tena, akaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba huyu mama hana akili sawa. "Na ile ya watoto iko kule nyuma, karibu na réservoir ya mafuta. Njoo uone."

Immaculée ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoa sauti kama birika linalochemka, akaenda kuegemea tairi lililosimamishwa ukutani, akacheka mpaka akakaa juu yake.

Ilichukua muda kumweleza Balagizi, na alipoeleweshwa alivua kofia.

"Yaani mwanamuke? Mimi nilisema mwanamuke iko chini ya kiti?"

"Mdudu ni mmoja," Elisabeth alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira kuliko alivyotaka. "Buibui mmoja, mweusi, ana watoto. Ukisema moja, nyeusi, ina watoto, umesema nguo. Nani alikufundisha kuongea?"

"Mama, kwetu Bukavu kila kitu ni moja. Mutu moja, kuku moja, gari moja, bibi moja."

"Hata bibi?"

"Bibi ndiyo moja kabisa! Ya pili padri anakataza."

Immaculée alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Elisabeth hakucheka. Alikuwa anatazama ule utando na kutafuta ndani yake mahali pa kuweka hasira yake, na hapakuwa na mahali.

Balagizi, kwa kutaka kujiokoa, alieleza ufundi. Gari hili lilikuwa limemfikia likikohoa, na kila ukilitia mafuta pampu ya kituoni inakata, unapata vijiko viwili, inakata tena. Wengine wangebadilisha tangi zima. Yeye alifuata mpira mwembamba ambao tangi hupumulia, akaufungua, akakuta umezibwa na utando, mweupe, umebana kama kizibo. Wadudu wa namna ile, alisema, wanapenda harufu ya mafuta. Anaingia, anajenga, anazaa, na gari inakosa pumzi. Kuzibua kulikuwa kazi ya dakika chache. Kutafuta ndiko kulikula wiki.

"Na mimi," Elisabeth akauliza, "kwa nini mume wangu hakuniambia gari limeharibika?"

Fundi alivaa kofia yake tena. "Eh. Hiyo ni mambo ya nyumba yenu."

"Baba Balagizi. Umeshaniingizia mke mwenza. Maliza kazi."

"Bon. Alisema ulimukataza kuinunua. Alisema, mama akisikia, atanikumbusha mpaka nizeeke. Namba yako alinipa tu kama yeye akipotea. Hakutaka nikuite. Mimi niliona kazi imeisha, simu yake inakataa, nikasema, mama wa nyumba ataelewa."

"Nimeelewa sana."

Immaculée alimshika bega. "Sasa shida iko wapi tena, dada? Hakuna mke. Hakuna mwanamke wa buibui. Tumshukuru Mungu, twende tukaimbe."

"Nimeshatia saini," akasema Elisabeth.

Hakwenda kuimba. Alichukua ufunguo, akamwomba Immaculée awatazame watoto mpaka arudi wiki ijayo, akaingia barabara kuu ya kaskazini peke yake. Hakupiga simu. Alitaka kumwona Liberati uso kwa uso kabla hajapata nafasi ya kupanga maneno, na yeye mwenyewe alihitaji zile saa za njia ili apange yake. Hayakupangika. Kila alipofikiri amepata kichwa cha jambo, alikuwa ameshika mkia. Mume hana mke mwingine: hiyo ni faida. Mume amedanganya wiki nyingi, kwa sauti ya furaha, kuhusu bati lenye magurudumu: hiyo ni hasara. Yeye mwenyewe amewafungia watoto mwaka mzima Louisville kwa ajili ya neno la fundi: hiyo hakujua aiandike upande gani. Mtu aliyeweza kukuambia bei ya mahindi, ya koti la baridi na ya kodi ya chumba hata kabla hajauliza, hapa alipima mambo matatu na mizani ikakataa kutulia.

Baada ya kuipita Cleveland, uzi ulishuka kutoka kwenye kibao cha kuzuia jua juu ya kioo cha mbele, na mwishoni mwa uzi alikuwamo mdudu, mdogo, wa manjano, akishuka bila haraka mpaka usawa wa pua yake. Lori lilikuwa kushoto. Jingine nyuma. Elisabeth alishika usukani kwa mikono miwili.

"Usinisogelee," akamwambia kwa Kirundi. "Kila mtu akae mahali pake mpaka tufike."

Mdudu akabaki hapo, akiyumba gari lilipoyumba. Wakaenda hivyo maili nyingi, wanatazamana. Kwenye kituo cha mafuta alimpokea kwa kifuniko cha kikombe cha kahawa, akamwacha kwenye nyasi. Akatia mafuta. Pampu haikukata hata mara moja, tangi likajaa. Fundi alikuwa amefanya kazi safi, na kwa namna asiyoielewa jambo hilo nalo lilimkera.

Black Rock aliikuta mchana bado mweupe, upepo wa mto ukipita kati ya nyumba nyembamba zilizobanana. Aliijua nyumba kwa picha. Baraza lake lilikuwa limetandwa kila pembe, kwenye taa, kwenye reli, kwenye fremu za madirisha, nyuzi juu ya nyuzi, na ndani yake walikaa buibui wanene wa mtoni, wengi kuliko aliowaona Louisville kwa miaka yote. Hao ndio wenyeji. Liberati alikuwa juu ya ngazi, na ufagio, akifagia taa kwa tahadhari ya mtu asiyetaka kumwudhi mtu.

Alitazama gari kwanza. Kisha aliyeshuka. Kisha akatazama viti vya nyuma.

"Watoto wako wapi?"

"Louisville."

"Mizigo?"

"Louisville."

Alishuka ngazi akiwa ameshika ufagio. Ndevu zilikuwapo kweli, chache, za mtu mvivu. "Mama Mizero. Kuhusu gari, nilikuwa nataka kukuambia…"

"Sema."

Akasema. Ilikuwa kama alivyosema Balagizi: lilimfia njiani, aliona aibu, akaahirisha kesho na kesho. Alipomaliza alitulia kama mtu aliyetua mzigo, akatabasamu kidogo. Ndipo Elisabeth akamweleza wa kwake: simu, buibui, watoto wa buibui, kalamu. Alieleza bila kupamba. Tabasamu la Liberati lilipotea taratibu, na hakucheka pale ambapo Immaculée alikuwa amecheka.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Ulidhani nina mke humu."

"Nilidhani."

"Na ukaniuliza habari za gari."

"Na wewe ukasema umetoka nalo kazini."

"Ni kweli. Mimi nilificha gari." Alimtazama. "Wewe ulificha nyumba nzima. Ulitia saini nimebaki nje, na hukuniita hata nijitetee."

Elisabeth alikuwa amekuja na deni mkononi, na sasa hakuwa na uhakika nani anamdai nani. Alisimama pale, upepo ukimpeperushia kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu soko la Kasulu hakuwa na bei ya kutaja.

"Utakuja au hutakuja?" Liberati akauliza. "Nijibu. Nirekebishe chumba cha watoto au nisirekebishe?"

"Nionyeshe nyumba."

Akamwonyesha. Elisabeth aligonga kuta, akafungua bomba na kungoja maji yawe moto, akashuka chini na kunusa unyevu, akapanda juu na kusimama kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama mtoni. Sakafu ilikuwa imara. Paa jipya. Liberati alikuwa amepaka rangi kuta tatu. Ya nne alikuwa hajaifikia. Alimfuata mkewe nyuma, kama mwuzaji.

"Mzee wa Louisville atataka tulipe kuvunja mkataba," akasema Elisabeth hatimaye.

"Tulipe na nini? Fedha yote iko kwenye hili paa."

"Uza gari."

"Gari limepona leo!"

"Ndiyo maana litauzika. Jana hakuna ambaye angelichukua."

"Na mimi nitakwenda kazini na nini?"

"Kuna basi linalopita mwisho wa mtaa huu. Nimeliona."

"Kwa hiyo nalipa mimi."

"Tunalipa wote. Wewe unatoa gari, mimi natoa maneno. Nitaliuza mimi, maana wewe ukiachiwa utalitoa bure na kumshukuru mtu. Na siku nyingine kitu kikikufia njiani, unanipigia wewe. Si fundi."

"Na siku nyingine ukisikia nina mke, unaniuliza mimi. Si fundi."

Elisabeth alitazama mto. Ilikuwa bei ya haki, na hakupenda kuilipa. "Nitauliza," akasema.

Liberati alitoka chumbani. Elisabeth alimsikia akishuka ngazi, mlango ukipigwa, kisha maji yakijaa ndooni. Alipoteremka alimkuta barabarani, mikono ya shati imekunjwa, ndoo ya maji ya sabuni miguuni, anasugua mlango wa mbele wa gari kwa nguvu isiyohitajika.

"Gari chafu halipati bei," akasema bila kugeuka.

Alimtazama mgongo wake. Hakuweza kujua kama amekubali au anamkejeli. Akachukua kitambaa cha pili kutoka kwenye ndoo, akakikamua, akazunguka upande wa pili na kuanzia kwenye paa.